Choo cha mzunguko

Choo cha mzunguko (pia: choo cha kuzungusha maji) ni choo chenye tangi lake ambacho husafishwa kwa kimiminika kilekile kilichomo ndani ya tangi. Pampu huvuta kimiminika hicho, chujio huzuia uchafu mgumu, na bakuli huoshwa bila kutumia maji mapya. Vyoo hivi hupatikana kwenye magari ya kambi, mabasi ya safari ndefu na boti, na kwa miaka mingi vilitumika pia ndani ya ndege.

Faida yake kubwa ni kwamba hutumia maji kidogo sana. Hasara yake hutokana na jambo hilohilo: kwa kuwa maji ya kuoshea na kinyesi hukaa pamoja, choo kikivuja hakitoi maji safi bali majitaka. Kwa hiyo uvujaji wake ni tatizo la afya kabla ya kuwa tatizo la gari, hasa mahali ambapo watu na mifugo hunywa maji ya chanzo kimoja, kama katika kata ya Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kabla ya safari tangi tupu hutiwa maji kiasi cha lita 10 hivi pamoja na dawa. Kiasi kamili hutegemea ukubwa wa tangi na huandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Dawa hiyo kwa kawaida ina rangi ya buluu, manukato na kemikali ya kuzuia bakteria wanaoleta harufu. Mtu akibonyeza swichi, mota inayotumia umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri huendesha pampu kwa sekunde chache. Pampu huvuta kimiminika kupitia chujio na kukisukuma ndani ya mpira wa maji hadi ukingo wa juu wa bakuli. Kutoka hapo kimiminika huteremka kikizunguka bakuli na kurudi kwenye tangi. Aina nyingine hazina mota bali pampu ya mkono.

Baada ya siku chache tangi hujaa, au kimiminika huwa kizito na kuanza kunuka. Hapo hufunguliwa vali iliyo chini ya tangi. Katika magari mengi vali hiyo ni bamba jembamba la plastiki linalovutwa kwa mpini. Kinachoizuia isivuje ni sili za mpira zinazobana bamba pande zote mbili. Tangi lina pia bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa ili gesi itoke nje.

Rangi ya buluu huwadanganya wengi. Dawa hupunguza harufu, lakini haifanyi majitaka kuwa salama. Tone la buluu kwenye sakafu au kwenye tairi linapaswa kuhesabiwa kuwa kinyesi.

Historia

Vyoo vya mzunguko vilienea katika usafiri wa anga baada ya ndege za abiria kuanza kuruka safari ndefu, kwa sababu kubeba maji mapya kwa kila abiria kungeongeza uzito mno. Vali za kutolea majitaka zilipovuja angani, kimiminika kiliganda nje ya ndege kutokana na baridi, kisha mapande ya barafu ya buluu yakaanguka ndege ilipoteremka kwenye hewa ya joto. Mmarekani James Kemper alipata hataza ya choo cha kufyonza kwa hewa mwaka 1975, na kuanzia mwaka 1982 choo cha aina hiyo kilianza kufungwa katika ndege za Boeing. Tangu hapo choo cha mzunguko kimepungua katika ndege.

Katika magari ya kambi aina hii ilipata soko pamoja na kukua kwa utalii wa magari nchini Marekani. Kampuni ya Thetford, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1963, ni miongoni mwa watengenezaji waliojulikana sana kwa vyoo vya magari. Baadaye vyoo vyenye sanduku la kuchomolewa vilichukua nafasi kubwa katika magari mapya, lakini vyoo vya mzunguko bado hukutwa katika magari ya zamani.

Mazingira ya Soitsambu

Soitsambu ni kata katika tarafa ya Loliondo, mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wamasai wanaoishi kwa ufugaji. Iko kwenye njia inayotoka Wasso kwenda Ololosokwan na lango la Klein, ambalo ni mojawapo ya malango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Magari ya kambi hufika ama kutoka Serengeti kwa lango hilo, ama kutoka Mto wa Mbu kwa kupita Engaresero kando ya Ziwa Natron, kisha kupanda kwenda Sale na Wasso.

Safari hiyo hukijaribu choo cha gari kwa namna nne.

Ya kwanza ni mtikisiko. Kipande cha Wasso hadi Sale, chenye urefu wa kilomita 49, kimewekwa lami, lakini sehemu kubwa ya njia nyingine ni changarawe iliyojikunja kwa mawimbi madogo mfululizo. Mtikisiko wa saa nyingi hulegeza bolti na klipu za mipira ya maji, na tangi lililojaa hupiga dhidi ya vishikio vyake.

Ya pili ni vumbi. Vumbi laini huingia kwenye njia ya bamba la vali, nalo husugua sili za mpira kila vali inapofunguliwa na kufungwa.

Ya tatu ni mwinuko. Ziwa Natron liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Loliondo hufikia mita 2,000 hivi. Kati ya sehemu hizo mbili kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 15. Kama bomba la hewa la tangi limezibwa na vumbi au kiota cha mavu, gesi iliyofungiwa ndani hutanuka gari linapopanda na kusukuma kimiminika kupitia sehemu yoyote dhaifu. Ndiyo sababu choo kisichovuja kikiwa bondeni kinaweza kuanza kuvuja kikifika juu.

Ya nne ni umbali wa vipuri. Mji mkubwa ulio karibu kwa safari ya gari ni Arusha, na safari hiyo huchukua siku nzima. Fundi aliye Wasso au Soitsambu hulazimika kutengeneza kwa vitu vilivyopo, kwa hiyo kujua hasa panapovuja kuna faida kubwa kuliko kubadilisha sehemu kwa kubahatisha.

Athari za kiafya

Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo huenezwa na kinyesi. Katika vijiji vya wafugaji maji hutoka kwenye vijito, visima na malambo ambayo mara nyingi hutumiwa na watu pamoja na mifugo. Majitaka yaliyomwagika njiani huweza kusombwa na mvua hadi huko. Mwaka 2018 Ngorongoro ilikuwa miongoni mwa wilaya za Tanzania zilizopata mlipuko wa kipindupindu.

Dawa ya choo nayo ina madhara yake. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa formaldehaidi, ambayo huwasha macho na ngozi na ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitambua mwaka 2004 kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Ikimwagwa kwa wingi ndani ya tangi la maji machafu, huua pia bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha kinyesi.

Kutambua mahali panapovuja

Uchunguzi huanza kwa kukausha sakafu yote kuzunguka choo na kutandika karatasi nyeupe. Karatasi huonyesha rangi ya tone la kwanza na mahali lilipoangukia. Kisha choo huangaliwa katika hali tatu: kikiwa kimetulia, pampu ikifanya kazi, na gari likiwa limetembea.

- Maji yasiyo na rangi wala harufu kwa kawaida hayatoki kwenye choo. Huwa ni maji ya mvua kutoka paani, jasho la tangi lenye baridi, au bomba la maji safi lililo karibu.
- Kimiminika cha buluu kinachotoka wakati wote, hata usiku, huonyesha kwamba vali ya chini imeshindwa kuziba au tangi lina ufa.
- Kimiminika kinachotoka pampu inapowashwa tu huonyesha tatizo upande wa kusukuma: mpira wa maji, klipu yake, au sili ya mhimili wa pampu.
- Kimiminika kinachotoka gari likitembea au likiegemea upande, hasa tangi likikaribia kujaa, huonyesha gasketi iliyo kati ya bakuli na tangi.
- Harufu bila unyevu huonyesha bomba la hewa lililoziba au kutenguka.

Kosa la kawaida ni kuangalia dimbwi badala ya njia ya maji. Sakafu ya gari mara nyingi ina mteremko, hivyo kimiminika kinaweza kuonekana nusu mita kutoka kilipoanzia. Kupapasa kwa kipande cha karatasi kavu kutoka juu kwenda chini, kiungo kimoja baada ya kingine, huonyesha mahali palipo juu zaidi penye unyevu. Hapo ndipo uvujaji unapoanzia.

Ukarabati

Maandalizi

Tangi humwagwa na kusuuzwa mara mbili au tatu kwa maji safi kabla ya kufungua bolti yoyote. Fyuzi ya pampu huondolewa ili mota isiwashwe kwa bahati mbaya. Fundi huvaa glovu za mpira na kukinga macho, na milango ya gari huachwa wazi. Vyombo vilivyotumika kwa kazi hii havirudishwi jikoni.

Jiki na dawa nyingine zenye klorini hazichanganywi na mkojo wala na siki au asidi ya kusafishia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na chumba cha choo cha gari ni kidogo mno kwa gesi hiyo kutawanyika.

Vali ya kutolea

Hii ndiyo sehemu ya kwanza kushukiwa, kwa sababu hukaa chini ya kimiminika muda wote na husogezwa kila tangi linapomwagwa. Kabla ya kuibadilisha huangaliwa kama inafunga hadi mwisho. Kipande cha karatasi, changarawe au ukoko wa chumvi za mkojo vikikaa kwenye njia ya bamba huacha mwanya mdogo ambao unatosha kuvuja. Ukoko huo hulainishwa kwa siki iliyoachwa kwa saa kadhaa, kisha husuguliwa kwa brashi laini. Kisu au bisibisi havifai, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye bamba huwa njia ya kudumu ya maji.

Vali ikiendelea kuvuja, bolti zake hufunguliwa na sili kutolewa. Sili iliyochoka huwa ngumu, bapa, yenye nyufa au iliyovimba. Mpya huchaguliwa kwa vipimo viwili: kipenyo cha ndani na unene wa mpira. Ikiwa ni pete ya duara, ambayo mafundi huiita oringi, huweza kupatikana kwenye maduka ya vipuri vya pampu za maji au magari hata kama duka la vipuri vya choo halipo. Sili yenye umbo la pekee hulazimika kuagizwa.

Sili mpya hupakwa grisi ya silikoni kidogo. Oili ya injini, grisi ya kawaida na mafuta mengine ya petroli huepukwa, maana huvimbisha aina kadhaa za mpira na kufanya vali ikwame. Bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kulia kisha kushoto, ili bamba lisipinde.

Pampu na mpira wa maji

Mpira wa maji uliopasuka karibu na klipu unaweza kukatwa sehemu mbovu na kurudishwa, mradi urefu unatosha bila kuvutwa. Klipu ya chuma kisichoshika kutu hufaa kuliko waya, kwa kuwa waya hukata mpira kwa mtikisiko. Kama maji yanatoka kwenye mhimili wa pampu, sili ya mhimili hubadilishwa. Katika pampu zisizofunguliwa, pampu yote hubadilishwa. Chujio husafishwa wakati huohuo, kwani chujio lililoziba huilazimisha mota kufanya kazi kupita kiasi na kuharibu sili mpya mapema.

Gasketi ya bakuli

Gasketi kati ya bakuli na tangi huvuja zaidi kwa kulegea kuliko kwa kuchoka. Kwanza hujaribiwa kukaza bolti kwa kiasi. Kukaza kupita kiasi hupasua plastiki, na ufa huo huwa mgumu kutengeneza kuliko tatizo la mwanzo. Gasketi iliyochoka inaweza kukatwa upya kutoka kwenye bapa la mpira laini kwa kutumia ya zamani kama kielelezo.

Tangi lililopasuka

Namna ya kuziba ufa hutegemea aina ya plastiki, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi chini ya tangi. Plastiki yenye herufi ABS hushikana vizuri na gundi ya epoksi baada ya kusuguliwa kwa msasa. Plastiki yenye herufi PE, ambayo ni polietilini, haishiki gundi nyingi. Huunganishwa kwa kuyeyusha, kwa kutumia kipande cha plastiki ya aina ileile kama ujiti wa kuchomelea. Ufundi huu unajulikana sana Tanzania, kwa kuwa ndoo, madumu na matangi makubwa ya maji huzibwa vivyo hivyo. Kabla ya kuchomelea, tundu dogo hutobolewa kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kupasuka. Tangi lazima liwe tupu, limeoshwa na kukaushwa, nalo huachwa wazi kwa muda ili gesi za kuwaka zitoke.

Silikoni ya bomba inayopakwa kwa nje ndiyo dawa inayojaribiwa mara nyingi, na mara nyingi hushindwa. Kimiminika husukuma kutoka ndani, na uso wenye mabaki ya dawa na mafuta haushiki silikoni. Baada ya siku chache za mtikisiko utando huo hubanduka.

Kujaribu

Baada ya ukarabati tangi hutiwa maji safi, bila dawa, hadi kiwango cha kawaida cha kuanzia. Karatasi mpya hutandikwa na choo huachwa usiku kucha. Asubuhi pampu huwashwa mara kadhaa, kisha maji huongezwa hadi karibu na kujaa, na gari huendeshwa umbali mfupi kwenye barabara mbaya. Karatasi ikibaki kavu, choo kinaweza kutiwa dawa na kutumika. Kujaribu kwa maji safi kuna faida kwamba, kama kazi haikufaulu, kinachomwagika hakina madhara.

Hatua za muda

Pasipo kipuri, hatua ya kwanza ni kuacha kutumia choo na kumwaga tangi. Tangi tupu lililosuuzwa halina cha kuvuja. Kama vali haizibi lakini mdomo wa bomba la kutolea uko mzima, kifuniko cha kuskurubu chenye oringi hufungwa kwenye mdomo huo ili kuzuia hadi kipuri kipatikane. Kifuniko hicho hufunguliwa polepole, juu ya ndoo, kwa sababu kimiminika huwa kimekusanyika nyuma yake. Ndoo iliyowekwa chini ya gari lililosimama husaidia kwa usiku mmoja, lakini haifai gari likitembea.

Kumwaga majitaka

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 za Tanzania zinakataza kuchafua mazingira na vyanzo vya maji. Majitaka ya choo cha gari humwagwa kwenye tangi la maji machafu la kambi au hoteli, au kwenye choo cha shimo, kwa ruhusa ya mwenye mahali na baada ya kumwambia dawa iliyotumika. Choo kidogo cha shimo cha familia au cha shule hakifai kwa tangi zima lenye kemikali.

Pasipo choo, shimo huchimbwa kwa ruhusa ya uongozi wa kijiji na kufukiwa mara moja. Miongozo ya Sphere kuhusu misaada ya dharura inapendekeza umbali usiopungua mita 30 kati ya shimo la choo na chanzo cha maji. Makorongo makavu huepukwa hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua ya kwanza hupita hapo kuelekea kwenye malambo.

Uzito wa jambo hili ulionekana wilayani Ngorongoro mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge kupata tiba ya kikombe. Magari yalipanga foleni kwa siku nyingi mahali ambapo vyoo na maji havikutosha umati huo. Gari moja linalovuja ni dogo kulinganisha na hilo, lakini kanuni ni ileile: mgeni huondoka, na kilichomwagika hubaki na wenyeji.

Kinga

Sili za vali hudumu zaidi zikisafishwa na kupakwa grisi ya silikoni mara kwa mara, na tangi likimwagwa kabla halijajaa kabisa. Kabla ya kuingia barabara ya changarawe, wasafiri hukagua bolti, klipu na bomba la hewa la paani. Seti ya akiba ya sili, oringi, klipu mbili na kifuniko cha mdomo wa kutolea hutosha ndani ya mfuko mdogo, na huokoa safari ya kurudi Arusha. Gari likihifadhiwa kwa muda mrefu, tangi huachwa tupu na safi, lakini sili hulainishwa ili zisikauke na kupasuka.